Uzito wa Mpole

Hadi leo Muuguzi hajajua ni nani aliyemwambia ahsante.

Jambo hilo amelizungusha kichwani kama mtu azungushaye ufunguo asioujua mlango wake. Sauti aliisikia mwenyewe, karibu, kama ya mtu aliyesimama nyuma ya bega lake. Haikuwa ya baba mkwe, haikuwa ya mumewe, wala haikuwa ya fundi waliyemwita. Hao watatu alikuwa akiwaona, na midomo yao ilikuwa imefumbwa. Yanawezekana mambo mawili tu, na kila moja lina namna yake ya kumnyima usingizi.

Lakini mwanzo haukuwa na sauti. Mwanzo ulikuwa mchanga kidogo, kiasi cha kijiko, kwenye shuka la mtoto.

Aliukung'uta dirishani, akamsema mumewe.

"Baba Bonge, viatu vyako viache mlangoni. Mtoto analala kwenye mchanga kama mjusi."

"Mimi nabeba unga," mume akajibu, mswaki bado mdomoni. Alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha kusaga. "Siku ukikuta unga shukani, hapo nishike shati."

Wakacheka. Mtoto naye akacheka, maana alikuwa katika umri wa kucheka na kila anayecheka. Jina la Bonge alipewa na wakunga siku aliyozaliwa. Walimweka kwenye mizani, mmoja wao akasema huyu si mtoto, huyu ni bonge la mtoto, na jina likaganda.

Kesho yake mchanga ulikuwapo tena, na keshokutwa. Ulikuwa mkavu, laini, uliochekechwa. Haukufanana na mchanga wa njiani. Muuguzi aliinama akaunusa, kama alivyozoea kunusa kila kitokacho kwenye shuka la mtoto, akapata harufu ya kamba ya katani iliyopakwa mafuta, na chini ya hiyo harufu ya mtu aliyekaa mahali pamoja muda mrefu mno.

Chumba chenyewe kilikuwa kipya. Baba mkwe wake, askari magereza mstaafu, alikijenga nyuma ya nyumba yake ili mwanawe na mkewe wapate pa kumlelea mtoto. Lipu ilikuwa imenyooka, rangi nyeupe, dari imepigwa mbao na boriti moja nene ikipita juu ya kitanda kidogo cha mtoto. Muuguzi alipapasa kuta zote nne akitafuta ufa. Hapakuwa na ufa hata wa kupitisha unywele.

Kazi yake ilikuwa kwenye kliniki ya watoto, chumba cha kupimia uzito. Mizani ya pale ni ya kuning'iniza: sura yake ya duara kama saa ya ukutani, imefungwa kwenye boriti, na chini yake ndoano. Mtoto huvishwa mfuko wa kitambaa wenye matundu mawili ya kupitisha miguu, mikanda ya mfuko ikapachikwa kwenye ndoano, akaning'inia huku mama yake akimwimbia. Wengi hulia. Bonge alikuwa akipiga mateke hewani kama anayeendesha baiskeli.

Siku aliyompeleka kumpima, mshale ulipanda, ukasimama mapema.

"Mtundike vizuri," alisema mkunga aliyefanya naye kazi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi. "Mguu umegusa meza."

Mguu haukuwa umegusa meza. Walimshusha wakamtundika mtoto wa mama mwingine. Mshale ukasema sawa. Wakamrudisha Bonge. Mshale ukasimama palepale.

"Anaharisha?"

"Hapana."

"Ananyonya?"

"Mpaka ananiuma."

Mkunga alimminya Bonge mashavu, akamminya mapaja, akapitisha kidole kwenye mikunjo ya mikono. "Sasa huyu amepungulia wapi?"

Hilo ndilo lililomtia baridi. Mtoto hakuwa amekonda. Mashavu yalikuwa yaleyale, tumbo lilelile la kupigia ngoma. Ila Muuguzi alipomtoa kwenye mfuko akamweka begani, alihisi kama amebeba mto wa pamba.

Daktari alimpima damu, akampima choo, akamsikiliza kifua. Akasema mtoto ni mzima, mama apunguze wasiwasi. Hakuwa mtu mbaya, alisema alichokiona.

Wiki ile Dereva alikuwa safarini. Muuguzi alilala na mtoto ubavuni, na karibu na alfajiri, ile saa ambayo giza linakuwa limechoka lakini halijaondoka, aliamshwa na mlio wa kitu kilichofungwa juu na kubeba uzito chini, mlio wa kamba inayokaza kidogo, ikatulia, ikakaza tena, polepole, bila haraka ya aina yoyote. Alidhani ni mti wa jirani, akakumbuka kwamba jirani hana mti. Alidhani ni dari inapoa, akasubiri ikome, haikukoma. Alitaka kunyoosha mkono kuwasha taa, na mkono haukuinuka, kwa sababu juu ya blanketi, miguuni pake, palikuwa na kitu kizito kilichokaa kwa adabu, pembeni kabisa, kama mgeni asiyetaka kusumbua wenye nyumba, na harufu ya katani na mafuta ilikuwa imejaa chumba kizima mpaka akaihisi ulimini, na ndipo, kutoka chini ya boriti, sauti ya mwanamume iliyochoka ikauliza, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuuliza swali hilo mara nyingi na hana tena haja ya kulitilia mkazo:

"Ni leo?"

Uzito uliondoka miguuni. Kulipopambazuka, mchanga kwenye shuka ulijaa viganja viwili.

Wakati wa chai ya asubuhi alimkuta baba mkwe jikoni. Mtaa mzima ulimwita Mizani, na Muuguzi aliolewa akidhani ni kwa sababu ya haki yake, maana alikuwa mtu wa kugawa mkate sawasawa hata kwa wageni. Akamsimulia. Mzee alisikiliza vizuri mpaka Muuguzi alipofika kwenye yale maneno mawili. Hapo aliweka kikombe mezani, lakini meza ilikuwa bado mbali kidogo, na kikombe kikaanguka.

"Sauti ya pua kidogo?" aliuliza.

"Ndiyo, Baba. Unaijua?"

Mzee alichukua kitambaa, akapiga magoti, akafuta chai yote mwenyewe. Kisha akabaki palepale chini.

"Mwanangu, unajua kazi yangu ilikuwa nini?"

"Askari."

"Kulikuwa na askari wengi. Mimi nilikuwa napima." Akaeleza akiutazama kitambaa. "Sheria inasema mtu anyongwe hadi afe. Haisemi zaidi ya hapo. Yaliyobaki ni ya watu kama sisi. Siku moja kabla, mtu hupandishwa kwenye mizani. Halafu unajaza gunia mchanga mpaka lilingane naye, unalifunga shingo, unalitundika kwenye kamba ileile, linakaa usiku kucha. Kamba mpya hunyumbuka. Ikinyumbuka siku yenyewe, mtu anateseka. Kwa hiyo gunia linatangulia."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi gunia linashuka, mtu anapanda. Yakiisha, aliyepima ndiye anayelifungua gunia na kuumwaga mchanga uani kabla jua halijatoka. Hiyo haikuandikwa popote. Tuliikuta, tukaifuata. Wazee wa kazi walisema uzito wa mtu usiachwe umesimama baada ya mtu mwenyewe kuondoka."

Bonge alikuwa kwenye mkeka akipigana na kijiko. Mzee alimtazama, akaondoa macho.

"Kulikuwa na mmoja tuliyemwita Mpole. Nikampima, nikamjazia gunia, nikalitundika. Kila alfajiri mlango wa jela ukilia alikuwa anauliza, ni leo? Siku hiyo ilikuwa ni leo kweli. Tumeshamtoa, tuko kwenye ujia, simu ikalia ofisini. Mkuu wa nchi amebadilisha: kifungo cha maisha. Tukamrudisha."

"Na gunia?"

"Nililishusha. Lakini hakufa mtu, sasa nimwage nini? Nikalishona mdomo, nikaliweka rafuni. Baadaye chumba kile kikafanywa stoo ya magodoro, wakatuambia chukueni takataka zenu. Gunia lilikuwa zuri, nene. Nikaja nalo." Akakikunja kitambaa. "Fundi alipokuwa anapiga lipu chumba chenu, ukuta wa mwisho, mchanga ukapungua. Nikamwambia kuna huo hapo. Mchanga si ni mchanga?"

Muuguzi hakuuliza ni ukuta upi. Alijua kitanda cha mtoto kimeegemea wapi.

"Mpole alikufa lini, Baba?"

"Nani kasema amekufa? Yuko kulekule. Anashona viatu. Huwa naenda kumwona, namchukulia sabuni."

Hapo ndipo Muuguzi alipoona kwamba kilichomo chumbani mwake ni kibaya kuliko mzimu. Mzimu una maiti wake. Huyu aliuliza kwa sauti ya mtu aliye hai, anayekula na kushona viatu.

"Na alifanya? Hilo alilohukumiwa?"

"Mizani haiulizi." Mzee aliona jibu limekuwa kali, akalilainisha. "Mlinzi wa ghala aliuawa, hilo ni kweli. Alikuwa na mke na watoto; niliwaona mahakamani, mdogo wao amelala chini ya benchi. Mpole alikana mwanzo, akakana kwenye rufaa, akakana mbele yangu amesimama kwenye mizani, mahali ambapo mtu hana tena cha kupata kwa uongo. Lakini nimewaona pia waliokufa na uongo wao mdomoni. Sijui, mwanangu. Mimi nilijua kilo zake tu."

Dereva aliporudi aliambiwa yote. Alisikiliza huku akikaza nati ya kitu ambacho hakikuwa kimelegea. Siku hiyohiyo alimpeleka mkewe na mtoto kwa dada yake, upande wa pili wa mji, nyumba ya ghorofa yenye vigae na watoto wanne wenye kelele. Muuguzi alilala kama gogo. Asubuhi mmoja wa watoto hao alikuja na viatu vya Bonge mkononi, vile vidogo vya kufumwa.

"Mama Bonge, mbona vimejaa mchanga?"

Wakarudi. Kama ni kukimbia, walikuwa wakikimbia na mzigo kichwani. Kwenye kliniki mshale ulikuwa ukishuka kila alipopimwa, na mkunga mwenye sauti ya kuamrisha sasa alizungumza kwa kunong'ona, akaacha kabisa kuuliza. Ni yeye aliyemtaja Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa karibu na kituo cha polisi, na watu wengi walimjua kwa saa tu. Alikuja mchana, mtu mwembamba, na kile kioo cha fundi cha kukuzia bado kimening'inia shingoni. Alivua viatu, akaingia chumbani peke yake, akaketi sakafuni muda wa kutosha chai kupoa mara mbili. Walimsikia akiongea kwa sauti ya chini, akinyamaza, akiongea tena, kama mtu anayemhoji mgonjwa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Watu huniletea saa zilizosimama na majini yaliyosimama," alisema akikaa mezani. "Shida huwa ni ileile. Kuna kitu kilitakiwa kisogee, hakikusogea."

"Ni jini?" Dereva akauliza.

"Ni jini. Kuna aina inayokaa sehemu za kufia, kama tarishi anavyokaa kwenye benchi akisubiri kupewa bahasha. Huyu aliitwa kupokea mtu. Akaoneshwa uzito, uzito ukafungwa shingo, ukatundikwa. Akajiandaa. Halafu hakupewa mtu na hakufukuzwa. Tangu hapo anasubiri. Sasa ameanza kujikusanyia mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka zile kilo zitimie. Ameanza na aliyelala karibu na ukuta."

"Na sauti ya Mpole ameitoa wapi?"

"Hapo ndipo sina uhakika, mama. Inaweza kuwa ameiazima tu, maana ndiyo sauti aliyokuwa akiisikia. Au inaweza kuwa sehemu ya yule bwana ilibaki kwenye kamba siku ile, haikurudi naye selo. Nimemsikiliza sana. Nusu ya anayoyasema ni ya jini. Nusu nyingine ni ya mtu."

"Hana hasira na sisi?"

"Hata kidogo. Angekuwa na hasira kazi ingekuwa nyepesi."

Aliwaambia njia ni mbili. Ya kwanza ni Mpole mwenyewe, kwa miguu yake, aje asimame mbele ya ukuta ule, aseme mimi nimeachwa niishi, nawe nenda. Hiyo haimuui mtu wala jini. Ya pili ni kumaliza kilichoanzwa: mchanga wote uliodondoka urudishwe kwenye gunia lake, gunia lifungwe shingo, litundikwe kwenye boriti ile, na alfajiri atakapouliza kama ni leo, ajibiwe kuwa ni leo, na kibao kilicho chini ya gunia kiondolewe.

"Huyo ni wa kuzimwa moja kwa moja," Fundi Saa alisema. "Na sitafanya mimi. Nitakaa nanyi, lakini anayetaka afe ndiye atakayeondoa kibao."

"Na mtu wa gerezani?" Muuguzi aliuliza. "Tukifanya hivyo, yeye yatampata nini?"

"Sijui. Nikisema najua nitakuwa mwongo. Pengine hatahisi chochote."

"Pengine."

"Ndiyo, mama. Pengine."

Mzee Mizani aliomba kwanza ijaribiwe njia ya kwanza. Alivaa kanzu yake safi, akaenda gerezani alikofanya kazi ujana wake wote. Ofisa wa zamu alimheshimu, akampa kiti, akamwambia mfungwa wa maisha hatoki kwa ombi la chumba chenye jini. Kama ni msamaha, maombi yanapanda juu, na majibu hushuka yakishashuka. Wakamruhusu aonane na Mpole. Alirudi jioni, akakaa mlangoni bila kuvua kofia.

"Umemwambia?" Dereva akamuuliza.

"Nimemwambia. Hakushangaa. Akasema, mzee, mlinirudisha selo mkafunga mlango, kesho yake mkafungua tena. Waliniletea habari kwamba nitaishi, nikaelewa. Lakini mlango ukilia alfajiri, moyo hausomi karatasi. Nauliza bado." Mzee alijifuta uso kwa kiganja. "Anauliza mpaka leo, kila siku, ameniambia. Kwa sauti ya chini, wenzake wasimcheke."

Usiku huo, Dereva alipofungua mlango wa chumba, upepo ulimsogeza Bonge kwenye godoro. Ulimsogeza kama unavyosogeza jani, akiwa amelala, mashavu yamejaa, mkono mdomoni. Dereva alifunga mlango kwa mikono miwili, akateleza chini akiuegemea, mtu aliyekuwa akivuka milima na lori usiku akipiga miluzi.

Kesho yake mchana walikaa mezani, Fundi Saa ameketi kando kama mtu wa nje.

"Sheria yenyewe ipo bado?" Dereva alimuuliza baba yake. "Ya kunyonga?"

"Ipo. Majaji wanaitamka, waandishi wanaandika, lakini hakuna anayeitekeleza, na hakuna anayeifuta. Imelala mlangoni kama mbwa. Unamruka kila siku, hujui ataamka lini."

"Basi huyu mbwa ameamkia kwetu. Mimi nasema auawe. Mnitazame mnavyotaka. Kile ni kitu, na huyu ni mwanangu."

"Hata waliokata shauri la Mpole walisema hivyo," mzee alisema taratibu. "Hawakuwa watu wabaya. Yule jaji alikuwa akilisha ndege uani kwake. Walisema, mlinzi alikuwa na watoto, na walikuwa na haki ya kusema."

"Kwa hiyo wewe unasema tusifanye?"

"Nasema ningeomba muda. Naona muda haupo. Maisha yangu yote sikuwahi kuulizwa, mwanangu. Nilipewa mtu, nikampima. Leo naulizwa, na jibu sina. Mnaloamua sipingi. Ila msije mkasema sikuwaambia kwamba ile ni sauti ya mtu."

Wakamgeukia Muuguzi. Alikuwa amempakata Bonge kwa mikono yote miwili na kumbana kifuani, maana asingembana asingejua kama yupo. Alimfikiria mtu asiyemjua, mwenye sindano na ngozi ya kiatu. Alimfikiria mtoto aliyelala chini ya benchi mahakamani, ambaye sasa ni mtu mzima mahali fulani. Akamtazama mwanawe.

"Auawe," alisema.

Gunia lilikuwa bado lipo, limefunika pipa la maji. Waliukusanya mchanga wote, wa shukani, wa kwenye viatu, wa kwenye pembe za sakafu ambako Muuguzi alikuwa akiufagia kila siku bila kuona ukiisha; na walipoujaza, gunia lililotakiwa kuwa na vibakuli vichache tu likawa zito mpaka wanaume wawili wakahema kulinyanyua. Mzee ndiye aliyefunga fundo. Vidole vyake vilikumbuka. Vilifanya kazi haraka na vizuri, na yeye aliangalia pembeni vikifanya. Kamba ikapitishwa kwenye boriti, gunia likasimamishwa juu ya kigoda cha jikoni. Fundi Saa alichoma ubani kidogo, akakaa pembeni na Bonge mapajani.

"Baba, wewe ndiye unayejua," Dereva alisema.

"Sijawahi kuvuta kibao," mzee akajibu. "Kulikuwa na mtu wa kuvuta. Alikuwa akija siku moja kabla, akiondoka mchana wa siku yenyewe. Mimi nilipima tu." Akaiacha kamba, akasogea mlangoni. Dereva alisogea kwenye kigoda, akainama, akabaki ameinama pale, akanyooka. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Wakasubiri, na taa waliizima kwa sababu Fundi Saa aliwaambia waizime, na katika giza lile walilisikia gunia likianza kupumua, kwanza kama mchanga unaotulia, halafu kama kifua cha mtu anayejizuia asilie mbele ya watu, na harufu ya katani na mafuta ikaja na baridi ya ujia wa mawe ambao hakuna hata mmoja wao isipokuwa mzee aliyewahi kuukanyaga, na mahali fulani, si ndani ya nyumba wala nje, mlango wa chuma ulilia kwa bawaba zake, taratibu, mpaka mwisho, na mwanga wa kwanza ulipoingia kwenye upenyo wa dirisha wakaona kwamba gunia juu ya kigoda halikuwa tena na umbo la gunia, lilikuwa na mabega, yameinama mbele kidogo, mabega ya mtu aliyezoea kuinamia kiatu.

"Ni leo?"

Bonge alitoa sauti ndogo mapajani kwa Fundi Saa, sauti nyembamba isiyokuwa yake. Muuguzi alisogea. Alikuwa karibu kiasi cha kuusikia mchanga ukihamahama ndani ya kitambaa.

"Ndiyo," alisema, na hakuitambua sauti yake. "Ni leo."

Akaondoa kigoda.

Boriti ililia mara moja. Kamba ikakaza. Na hapo, karibu na bega lake, kwa sauti ya pua kidogo, bila machungu yoyote, mtu alimwambia: "Ahsante."

Waliposhusha gunia lilikuwa jepesi. Mzee alilibeba mwenyewe mpaka uani, akalifungua, akaumwaga mchanga kabla jua halijatoka. Kisha akaja na jagi. Alimwashiria mkamwana wake anyooshe mikono, akammiminia maji, polepole, mpaka jagi likaisha, kama walivyokuwa wakifanyiana zamani wale wa kazi ile.

Siku hiyo kwenye kliniki mshale ulipanda mpaka mahali pake. Mkunga alimbusu Bonge kichwani, akaenda dirishani akalia, akasema ni vumbi.

Habari ya gerezani waliipata kwa ofisa wa zamu, aliyekuja mwenyewe, kofia mkononi, kwa heshima ya mzee. Mpole hakuwa mgonjwa. Walipofungua mlango alfajiri walimkuta amelala chali, uso umetulia, blanketi amelikunja pembe nne, ndara amezipanga kando, kama wanavyofanya wanaojua wanakwenda. Shingoni hapakuwa na alama. Jambo moja tu liliwashangaza waliombeba: alikuwa mwepesi kama nguo.

"Lini hasa?" Muuguzi aliuliza.

Ofisa akaitaja alfajiri ileile kigoda kilipoondolewa. Dereva alitoka nje. Mzee aliingiza mikono yake mifukoni na kuiacha humo.

Mambo ndiyo hayo mawili. Kama aliyeshukuru alikuwa jini, basi alishukuru kwa kupewa alichoahidiwa, na wao ndio waliompa. Kama alikuwa Mpole, alishukuru kwa kuwa hatauliza tena. Na hilo ndilo zito zaidi, kwa sababu Muuguzi hupata nafuu ndani yake, kisha huionea aibu nafuu ile.

Chumba hawakukibomoa. Bonge amekua, anakimbia humo na kuta hazidondoshi kitu. Hakuna mahakama iliyoandika shauri lile. Hukumu ilitolewa mezani, mchana kweupe, na watu waliompenda mtoto wao na waliokuwa wameambiwa lile neno "pengine". Aliyeitekeleza ni mama.